Mechi 162: Jinsi ya Kuusoma Msimu wa Besiboli Ukiwa Shabiki wa Seattle Mariners

Mwaka 2025 Seattle Mariners walifungwa mara 72, na mji wao ukawashangilia kama mashujaa. Aliyekulia kwenye soka hesabu hiyo haimwingii. Klabu ya Ligi Kuu ya Tanzania inacheza mechi 30 msimu mzima, ya Uingereza 38. Ukifungwa kumi na mbili tu, watu wanataka kocha aondoke. Hawa wamefungwa 72 na bado ndio mabingwa wa kundi lao, ubingwa wao wa kwanza tangu 2001. Milwaukee Brewers, waliokuwa na rekodi nzuri kuliko timu zote 30 mwaka huo, walifungwa 65.

Watu wengi wa kwetu wanaojaribu kufuatilia besiboli huishia njiani, kisha husingizia kanuni. Kanuni wala si tatizo. Timu mbili hupokezana kupiga kwa iningi tisa, na katika kila iningi timu inapiga mpaka wachezaji wake watatu watolewe. Mrushaji anarusha, mpigaji anajaribu kuugonga mpira kwa gongo, akifanikiwa anakimbilia vituoni. Akivizunguka vyote na kurudi alikoanzia, timu imepata mkimbio mmoja. Mpira ukivuka ukuta wa uwanja ukiwa hewani ni homurani: mpigaji na wenzake wote waliokuwa vituoni wanarudi nyumbani bila kuguswa. Sare hakuna. Iningi tisa zikiisha nguvu sawa, wanaendelea mpaka mmoja ashindwe. Yapo mengine mengi, lakini kwa hayo machache mtu anaweza kukaa na kutazama.

Kinachowachanganya watu ni uzito wa matokeo. Shabiki mpya hajui mechi moja ina thamani gani, kwa hiyo anarukaruka Jumanne, ananuna Jumatano, na ikifika Mei amechoka kabisa. Nawachukua Mariners kama mfano kwa sababu sioni timu iliyoonja pande zote za jambo hili kama wao. Wamewahi kushinda mechi nyingi kiasi ambacho hakuna timu nyingine ya Ligi ya Marekani, moja ya sehemu mbili za ligi kuu, iliyokifikia, wamekaa misimu 20 mfululizo bila kuingia mtoano, wameukosa mtoano kwa mechi moja, na hadi mwisho wa msimu wa 2025 walikuwa timu pekee kati ya 30 ambayo haijawahi kucheza World Series, fainali ya mchezo huu. Klabu ilianza 1977.

Karibu kila siku

Ligi kuu ya besiboli ya Marekani ina sehemu mbili, Ligi ya Marekani na Ligi ya Taifa, kila moja ina timu 15 katika makundi matatu ya timu tano tano. Mariners wapo Kundi la Magharibi la Ligi ya Marekani pamoja na Houston, Texas, Angels na Athletics. Kila timu inacheza mechi 162, nusu nyumbani na nusu ugenini, kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba. Hiyo ni miezi sita. Ukigawanya, utaona siku za mapumziko ni za kuhesabu. Zamani mechi zilikuwa 154. Ligi ya Marekani iliongeza zikafika 162 mwaka 1961 ilipopokea timu mpya, na wenzao wakafuata 1962.

Mechi huja kwa mafungu. Timu inasafiri hadi mji fulani na kucheza na wenyeji siku tatu au nne mfululizo, kisha inafungasha mizigo kwenda mji mwingine. Mashabiki wazoefu huhesabu mafungu kabla ya kuhesabu mechi: ukishinda mbili kati ya tatu kila unapokwenda, utamaliza msimu ukiwa na ushindi 108 na watu watakusimulia kwa miaka mingi. Maana yake, shabiki mwenye furaha kupita wote bado analala akiwa amefungwa mara moja katika kila siku tatu. Ule usemi wetu kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani, kwenye soka ni maneno ya kumfariji aliyefungwa. Huku ni ratiba.

Kwa anayetazama kutoka Afrika Mashariki, Mariners wana neema ambayo timu za New York na Boston hazina. Mechi ya jioni ya New York huanza saa nane usiku kwa saa za Nairobi na Dar es Salaam, muda ambao haumfai mtu mwenye kazi. Mechi ya nyumbani ya Seattle, ile ya saa 12:40 jioni kwao, inaanza saa 10:40 alfajiri kwetu. Tangu 2023, mrushaji alipowekewa saa inayomhesabia sekunde, wastani wa mechi umeshuka kutoka saa tatu na dakika chache hadi saa mbili na dakika 40. Kwa hiyo unaamka mapema kidogo, unaswali au unachemsha chai, na matokeo unayo kabla hujapanda daladala. Na aliye Seattle kwenyewe hahitaji gari: treni ya mji inayopita Rainier Beach na Othello, mitaa yenye Wasomali, Waethiopia na Waeritrea wengi, ina kituo kinachoitwa Stadium.

Kwa nini mechi moja haisemi kitu

Anza na mpigaji. Mpigaji anayepata pigo safi, yaani pigo linalomfikisha kituoni, mara tatu katika majaribio kumi ni nyota. Mwaka 2004 Ichiro Suzuki wa Mariners alipata mapigo safi 262, akaivunja rekodi ya 257 iliyowekwa na George Sisler mwaka 1920. Ndio msimu wenye mapigo safi mengi kuliko yote katika historia ya ligi, na bado Ichiro alikwama zaidi ya mara sita katika kila kumi. Mchezo ambao mabingwa wake hukwama kiasi hicho hauwezi kukupa jibu ndani ya saa mbili na nusu. Mpira uliogongwa vizuri unaingia moja kwa moja kwenye glavu ya mlinzi. Uliogongwa vibaya unadondoka pasipo na mtu. Siku moja bahati inakaa upande wenu, kesho yake inahamia kwa wenzenu.

Halafu kuna mrushaji, na hapa ndipo soka na besiboli zinapoachana kabisa. Kurusha mpira kwa kasi ya kilomita 150 kwa saa mara tisini au mia kunaumiza mkono, kwa hiyo kila timu ina warushaji wa kuanza watano wanaopokezana. Anayeanza leo hataanza tena mpaka siku ya tano au ya sita. Mwaka 2025 Mariners walikuwa na Logan Gilbert, George Kirby, Bryan Woo, Luis Castillo na Bryce Miller. Mrushaji wa kuanza ndiye mwenye nguvu kubwa zaidi juu ya matokeo ya siku, na kila siku anabadilika. Ukitaka kusema kweli, hushabikii timu moja. Unashabikia timu tano zinazovaa jezi moja. Ndiyo maana mtu anayefuatilia kwa dhati hakuulizi "Mnacheza na nani leo?" bali "Nani anarusha leo?"

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa 2001. Mariners walikuwa wamempoteza Randy Johnson mwaka 1998, Ken Griffey Jr. mwanzoni mwa 2000, na Alex Rodriguez baada ya msimu huohuo. Wachezaji watatu wakubwa katika muda mfupi. Wakamleta Ichiro kutoka Japani, wakashinda mechi 116. Hakuna timu iliyowahi kuzidi idadi hiyo. Chicago Cubs wa 1906 tu, kutoka Ligi ya Taifa, ndio waliofika 116. Tarehe 5 Agosti mwaka huo, timu hii ya ajabu ilikuwa Cleveland ikiongoza kwa mikimbio 14 kwa 2. Ikafungwa 15 kwa 14 katika iningi ya kumi na moja. Kwenye soka, kuongoza kwa pengo kama hilo kisha kufungwa kungezaa tume ya uchunguzi. Mariners waliendelea na ratiba yao, wakamaliza na ushindi 116 na vipigo 46.

Kusoma msimamo

Msimamo wa besiboli hauna pointi. Una safu ya ushindi, safu ya vipigo, asilimia ya ushindi, na safu moja inayowasumbua wageni: timu iko nyuma kwa mechi ngapi. Safu hiyo ndiyo ya kuangalia kwanza. Chukua tofauti ya ushindi kati ya kinara na timu yako, ongeza tofauti ya vipigo, gawanya kwa mbili. Kinara akiwa na ushindi 60 na vipigo 40, nanyi mna 55 na 45, tofauti ni tano na tano, jumla kumi, nusu yake tano: mko nyuma kwa mechi tano. Kwa lugha ya kawaida, mkishinda tano naye akafungwa tano mtakuwa sawa. Usishangae kuona nusu mechi. Inatokea pale timu moja inapokuwa imecheza siku ambayo nyingine ilipumzika.

Pengo gani ni kubwa? Watu husema kwamba timu ikijitahidi inaweza kupunguza mechi moja kwa wiki. Si sheria, lakini inakusaidia kujua lini uwe na wasiwasi. Mariners wenyewe wameivunja pande zote mbili. Mwanzoni mwa Agosti 1995 walikuwa nyuma ya California Angels kwa mechi 13. Angels wakaporomoka, Mariners wakapanda, msimu ukaisha wakiwa sawa, ikabidi ichezwe mechi moja ya nyongeza. Randy Johnson akarusha na Mariners wakashinda 9 kwa 1. Katika mtoano wakawa nyuma ya Yankees kwa mechi mbili kwa bila, wakazishinda tatu zilizobaki, ya mwisho kwa pigo la Edgar Martinez lililomleta Griffey nyumbani katika iningi ya kumi na moja. Msisimko wa mwaka ule ulichangia sana bunge la jimbo la Washington kupitisha fedha za uwanja mpya, wakati ambapo watu wa Seattle walikuwa na hofu ya kweli kwamba timu itahama.

Upande wa pili ni 2024. Tarehe 18 Juni Mariners waliongoza kundi kwa mechi kumi. Kabla Julai haijaisha uongozi wote ulikuwa umeyeyuka, Agosti kocha Scott Servais akafukuzwa, na nafasi yake ikachukuliwa na Dan Wilson, mdakaji (anayeipokea mipira ya mrushaji) wa timu ile ya 1995.

Msimamo nao una uongo wake

Sasa tuingie penye utata zaidi. Hata mechi nyingi hivyo hazitoshi kuiondoa bahati. Fikiria timu ya kawaida kabisa, yenye uwezo wa kushinda nusu ya mechi zake. Kwa hesabu za uwezekano, theluthi mbili ya misimu timu hiyo itamaliza ikiwa na ushindi kati ya 75 na 87. Timu ileile, wachezaji walewale. Ushindi 75 unamfukuzisha kocha. 87 unaweza kukupeleka mtoano.

Ndiyo maana mashabiki hukagua mikimbio: timu imefunga mingapi msimu mzima, imefungwa mingapi. Bill James, aliyeanza kuandika takwimu za besiboli miaka ya 1970, alionyesha kwamba ukichukua mikimbio uliyofunga, ukaizidisha yenyewe kwa yenyewe, ukagawanya kwa jumla ya namba hiyo na ya mikimbio uliyofungwa iliyozidishwa vivyo hivyo, utapata asilimia ya ushindi uliyostahili, kwa ukaribu unaoshangaza.

Mariners wa 2021 ni somo zima. Walifunga mikimbio 697, wakafungwa 748. Kwa kanuni ya James walistahili ushindi kama 75. Walipata 90. Waliwezaje? Mechi zilizoamuliwa kwa mkimbio mmoja walishinda 33 na kufungwa 19. Walipofungwa, walifungwa vibaya. Mashabiki waligawanyika mwaka mzima. Wapo waliosema timu ina moyo, kocha anajua kutumia warushaji wa mwisho, na kwamba wachambuzi wamekariri vitabu. Wengine wakasema ni bahati na itakwisha. Mimi nipo na hao wa pili, ingawa nakiri kwamba shabiki anayeshangilia ushindi wa mkimbio mmoja huku akihesabu bahati anajinyima raha yake mwenyewe. Msimu ule Mariners walitolewa siku ya mwisho, nyumbani, uwanja ukiwa umefurika. Walipungukiwa na mechi mbili kuwafikia Yankees na Red Sox.

Kipigo cha Aprili

Kuna imani moja iliyoenea ambayo ningependa tuitazame kwa makini: kwamba mechi za Aprili ni za kujipasha moto na za Septemba ndizo zenye maana. Kihisia ni kweli. Kihesabu si kweli hata kidogo. Kipigo cha tarehe 10 Aprili na kipigo cha tarehe 20 Septemba vinaingia safu moja na kuhesabiwa kimoja kimoja. Tofauti ni kwamba Septemba unajua kipigo kimegharimu nini. Aprili bado hujapelekewa bili.

Tangu 2022 kila ligi inaingiza timu sita mtoano: mabingwa watatu wa makundi na timu tatu nyingine zenye rekodi bora. Mwaka 2022 Mariners waliingia, na homurani ya Cal Raleigh katika iningi ya tisa dhidi ya Oakland, tarehe 30 Septemba, ikafunga ile miaka 20 ya kiu. Mwaka 2023 walishinda 88. Toronto, aliyechukua nafasi ya mwisho, alikuwa na 89. Mwaka 2024 walishinda 85. Detroit na Kansas City walikuwa na 86. Mechi moja, miaka miwili mfululizo. Shabiki wa Seattle anaweza kukutajia kipigo chochote cha majira ya kuchipua, mlinzi aliyeangusha mpira mwepesi siku ya baridi yenye watu wachache uwanjani, na kukuambia kwamba ndicho kilichowatoa. Ana haki. Na chochote kingine atakachokitaja ni sahihi vilevile.

Ukiangalia hivyo utaelewa kwa nini kauli ya Jerry Dipoto, mkuu wa masuala ya besiboli wa klabu, iliwachoma watu mwishoni mwa msimu wa 2023. Alieleza kwamba lengo ni kushinda asilimia 54 ya mechi kwa muda mrefu, kwa sababu timu inayofanya hivyo kwa miaka kumi kwa kawaida hufika World Series. Asilimia 54 ya mechi 162 ni ushindi kama 87 au 88, yaani karibu hasa na pale walipokuwa wamekwama. Kama hesabu, hakukosea sana. Kama neno la kumwambia mtu aliyetolewa wiki hiyohiyo kwa mechi moja, lilikuwa baya mno. Shabiki haishi kwa miaka kumi. Anaishi msimu mmoja mmoja, na akitoka hapo anamwona kiongozi wa klabu aliyeridhika na "karibu".

Ndipo unapoelewa pia uzito wa mwisho wa Julai, dirisha la kubadilishana wachezaji linapofungwa. Siku hizo klabu inatangaza kwa vitendo inachojifikiria. Inayoamini itaingia mtoano inatoa vijana wenye kipaji ambao bado hawajaiva na kuchukua wachezaji waliokomaa. Iliyokata tamaa inafanya kinyume. Kwa miaka mashabiki wa Seattle walilalamika kwamba klabu yao inasitasita. Julai 2025 haikusita: iliwachukua Josh Naylor na Eugenio Suárez, wote kutoka Arizona.

Na bado, tarehe 5 Septemba ilipokwisha, Mariners walikuwa na ushindi 73 na vipigo 68, rekodi ya timu ambayo hakuna anayeikumbuka. Kisha wakashinda mechi 17 kati ya 18. Katikati ya mbio hizo walikwenda Houston wakiwa sawa kabisa na wenyeji kileleni, wakashinda zote tatu. Walipoondoka walikuwa na ushindi 87. Houston alikuwa na vipigo 72.

Hapo ndipo ile namba ambayo mashabiki huibandika ukutani mwezi Septemba inapoanza kusomeka. Chukua 163, toa ushindi wa kinara, toa vipigo vya anayemfuata. Kinachobaki ni idadi ya ushindi wako na vipigo vya mpinzani vinavyohitajika kumaliza kazi. Kwa Mariners: 163, toa 87, toa 72, inabaki 4. Lakini tangu 2022 timu zikilingana hazichezi tena mechi ya nyongeza kama ya 1995. Anaangaliwa nani alimshinda mwenzake mara nyingi zaidi, na Mariners walikuwa wamemzidi Houston. Kwa hiyo 4 ikawa 3. Siku mbili za mechi zikatosha. Tarehe 24 Septemba, mbele ya mashabiki wao, waliwafunga Colorado 9 kwa 2, na Raleigh akapiga homurani yake ya 59 na ya 60. Raleigh ni mdakaji, mtu anayechuchumaa nyuma ya mpigaji usiku kucha na kupigwa na mipira. Kabla yake, hakuna mdakaji aliyekuwa amezidi homurani 48 kwa msimu mmoja, rekodi ya Salvador Perez ya 2021.

Halafu mizani inatupwa

Linalonishangaza zaidi katika mchezo huu linakuja Oktoba. Baada ya miezi sita ya kutuaminisha kwamba mechi moja haina maana, kwamba lazima upime kwa mamia, ligi inaitupa mizani hiyo na kuamua bingwa kwa mechi chache. Raundi ya kwanza ni mshindi wa mechi mbili kati ya tatu. Ya pili, tatu kati ya tano. Nusu fainali na World Series, nne kati ya saba. Timu yenye uwezo wa kuishinda nyingine mara 55 katika 100 inapata nafasi ya kama 61 kwa 100 tu ya kushinda raundi ya mechi saba. Nyingine 39 ni za mnyonge.

Wale Mariners wa ushindi 116 walitolewa na Yankees kwa mechi nne kwa moja. Mwaka 2022 walitolewa na Houston katika mechi ya tatu iliyoisha 1 kwa 0 katika iningi ya kumi na nane. Mwaka 2025 waliitoa Detroit katika mechi ya tano ya iningi kumi na tano, karibu saa tano za kucheza. Aliyeanza kuitazama Dar es Salaam usiku wa kuamkia Jumamosi alimwona Jorge Polanco akipiga pigo la ushindi jua likiwa limeshachomoza. Ilikuwa ndefu hivyo kwa sababu katika mtoano haitumiki ile kanuni ya msimu wa kawaida ya kumweka mkimbiaji kituo cha pili kila iningi ya nyongeza inapoanza, ili mechi iishe haraka.

Wakakutana na Toronto. Wakashinda mbili ugenini, wakafungwa mbili nyumbani, na katika ya tano Suárez akapiga homurani vituo vyote vikiwa vimejaa, mikimbio minne kwa pigo moja. Mechi moja tu iliwatenganisha na World Series. Wakafungwa ya sita. Katika ya saba, tarehe 20 Oktoba, waliongoza 3 kwa 1 hadi iningi ya saba, George Springer akapiga homurani ya mikimbio mitatu, ikaisha 4 kwa 3.

Watu wananiuliza kama huu si utapeli: kupima miezi sita kisha kuamua kwa pigo moja. Jibu langu ni kwamba ligi inatoa zawadi mbili na inajifanya inatoa moja. Msimu unakuonyesha timu ipi ni nzuri. Oktoba inakupa bingwa. Mara nyingine ni timu moja, mara nyingi siyo: Brewers wenye ushindi 97 walifagiliwa nne kwa bila na Dodgers wenye 93, na Dodgers ndio waliotwaa taji. Mashabiki wa taji tu wanaweza kulala hadi Oktoba na kuamka bila kukosa kitu. Wa msimu wamekwisha kupata sehemu kubwa ya walichokifuata kabla hata Oktoba haijafika. Mimi ningemshauri mgeni aanze na msimu, achague mrushaji mmoja kati ya wale watano, na amfuate huyo kila siku ya tano. Baada ya miezi miwili hesabu nyingine zote zitakuja zenyewe.

Majira ya baridi nayo yana kazi yake. Novemba 2025 Mariners walimrudisha Naylor kwa mkataba wa miaka mitano. Polanco alikwenda New York Mets. Februari warushaji na wadakaji huripoti kambini Peoria, Arizona, siku chache kabla ya wengine, kwa sababu mikono yao ndiyo inayochelewa kuwa tayari.